Mashimo Niliyoyaita Si Kitu

Nakumbuka siku moja ya mvua nimesimama mlangoni kwa mama, jembe mkononi, nikitazama shamba letu likimeguka mlimani. Mwanangu, kaa nikusimulie. Jana nilikusikia ukisema jambo fulani halina maana yoyote, nikashtuka. Nami nilisema hivyohivyo, tena kwa falsafa.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia. Wanunuzi binafsi walipanda Mbinga kununua kahawa, ushirika ukayumba, ruzuku ya mbolea ikaondolewa. Kahawa yetu ikawa inatoa majani tu. Baba alikwishafariki, na mama alitulisha mimi na wadogo zangu watatu kwa shamba moja la ngolo kule kijijini Ukata.

Wewe umekulia mjini, ngoja nikueleze. Ngolo ni mashimo. Sisi Wamatengo tunalima miteremko mikali, kwa hiyo wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba, wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika. Katikati hubaki shimo, pembeni matuta, na mazao hupandwa kwenye matuta tu.

Nilikuwa likizo kutoka seminari, mwaka wa kwanza wa falsafa. Eti nimeiva! Padre wetu alitufundisha mawazo ya Wayunani wa kale na ya walimu wa Kanisa wa zama za kati: kwamba kitu huwa jinsi kilivyo kwa umbo lake, kwamba kila kilichopo ni kimoja, na kikipoteza umoja wake hakipo tena, na kwamba upungufu, kama upofu, hauna kuwapo kwake wenyewe. Hilo la mwisho lilinilewesha. Nililitembeza kijiji kizima kama viatu vipya.

Mvua za kupandia zilipokaribia, mama akashuka ziwani, Kihagara, kumsaidia dada yangu aliyejifungua. Aliniachia mbegu ya mahindi. Nikalitazama shamba. Karibu nusu ni mashimo! Nikajisemea, shimo si kitu, ni ukosefu wa udongo tu. Nikiyafukia, mama atakuta shamba limeongezeka. Wiki mbili nzima nikafukia sehemu yote ya juu, nikasawazisha, nikapanda mistari iliyonyooka. Baba mdogo akapita, akasimama.

"Mwanafalsafa, unafanya nini hapo?"

"Naongeza kuwapo, baba mdogo."

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Laiti angenichapa!

Mahindi yakaota vizuri. Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza niliona maji mekundu yakishuka, hayana tena shimo la kuyashika. Ya pili, ufa. Nikachimba mifereji huku nasali rozari, na kila mfereji ukageuka korongo. Siku ya tatu mchana sehemu ya juu ilishuka yote, ikajaza matope ngolo za chini ambazo sikuzigusa, nazo zikabomoka. Nilidhani nina mashimo mengi, naweza kupunguza kadhaa. Kumbe lilikuwa shamba moja, na nilikuwa nimeshaliua.

Jumamosi mama akarudi. Alipokea shikamoo yangu bila kunitazama, akapanda hadi juu, palipobaki mwamba. Akauliza kwa nini. Nikaeleza yote, na Kilatini kidogo ndani yake, Mungu anisamehe. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Baba yako hayupo, huu mwaka wa sita," akasema. "Ukiingia ndani ya nyumba ile, pale alipokuwa anakaa, huoni kitu?"

Mama akaketi kwenye matope akalia, yeye ambaye hata msibani hakulia mbele yetu. Mwaka ule tulikula muhogo wa wakwe wa dada, na mara nyingi mama alisema ameshiba kabla hajala.

Niliporudi seminari nilimsimulia padre. Akavua miwani. "Nilisema pia kwamba ukosefu hausimami peke yake. Hukaa ndani ya kitu, na hicho kitu ndicho cha kuangalia kwanza. Hukuandika?"

Sikuwa nimeandika.

Basi, mwanangu, kabla hujaita jambo lolote si kitu, uliza linakaa ndani ya nini, na nani amelichimba. Usiamini kwamba unaweza kutoa sehemu usiyoielewa na kilichobaki kikabaki vilevile. Na somo ulilolipenda nusu, rudi ukasikilize nusu ya pili, hata kama inachosha. Mimi bado naogopa mvua, uzee wote huu.

Nenda na baraka zangu. Mungu akuongezee elimu, akupe na subira ya kuitumia, na mama yako asije akaketi kwenye matope kwa ajili ya elimu hiyo.