Paa la Nyasi la Shemeji

Mama alipokuja kututembelea Minnesota, nilimpeleka kwa dada yangu Roseville tukale chakula cha Jumapili, na huko ndiko shemeji alikoninyang'anya mama yangu. Nasema kuninyang'anya na sifuti kauli. Mume huyo wa dada ni Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Kiswahili chake kinaishia kwenye "karibu" na "shikamoo", na shikamoo yenyewe huwapa hata watoto.

Baada ya kula akatoa simu kumwonyesha mama picha za nyumba ya bibi yake huko Ireland. Kuta za mawe zimepakwa chokaa, paa la mabua limeshuka karibu na kimo cha mtu, mlango umekatwa nusu, na nusu ya chini imefungwa kuku wasiingie. Mama akavaa miwani. Mimi nimemjengea Bukoba nyumba ya vigae, madirisha ya alumini, choo cha ndani. Siku nilipomkabidhi funguo alisema, "Ahsante, Mungu akuzidishie," kisha akaulizia chai. Leo alikuwa ameng'ang'ania simu ya mtu.

"Hebu muulize, hizo kamba juu ya paa ni za nini?"

Nikatafsiri. Shemeji akasema ni za kuzuia upepo wa baharini, na ncha zake zimefungiwa mawe. Paa likichakaa hawalibomoi lote, wanaezeka mabua mapya juu ya yale ya zamani. Chini kabisa bado yapo yale ya mababu, meusi kwa moshi.

"Hao watu wana akili," mama akasema.

Nikashikwa na wivu. Mimi na digrii zangu mbili sijawahi kuambiwa nina akili kwa ajili ya paa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilizidi kuugua. Wakaendelea kuulizana na kujibizana, mimi katikati kama bomba, maji yanapita tu. Shemeji alitaka habari za msonge wetu wa zamani: nani alikata nyasi za kuezekea, moto uliwashwa wapi, mbuzi walilala upande gani. Mama alijibu yote, na sauti yake ikarudi ujanani. Msonge ule niliubomoa mimi nipate uwanja wa kujenga nyumba ya vigae, na katika maswali yale sikuwahi kumuuliza hata moja. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyeuliza alikuwa yeye.

"Muulize mama alikuwa analala wapi," shemeji akaniambia.

Nikamuuliza. Mama akavua miwani, akanitazama mimi, si shemeji.

"Kushoto ukiingia, nyuma ya mafiga. Tulitandika nyasi mbichi sakafuni, zilinukia vizuri. Hapo ndipo nilipokuzaa wewe, baba, mvua inamwagika nje na ndani halikuingia hata tone. Siku hizi ukija unaegesha gari hapo."

Shemeji alikuwa ameinama mbele, anasubiri, hamu imemjaa usoni.

"Amesemaje?"

"Amesema hakumbuki," nikamjibu.