Chupa Ambayo Respicius Hakuigeuza

Kama ulikuwa na raha zako na bia yako ya ng'ambo, Respicius hakuwa mtu wa kukutana naye. Kwa miaka kumi na tisa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la pombe pale Hyattsville, na kazi aliyojipa mwenyewe, maana hakuna aliyemtuma, ni kugeuza chupa za watu. Mteja anakuja na bia yake ya Kijapani, kaichagua kwa mbwembwe zote. Respicius anaizungusha taratibu, anashusha miwani puani, anasoma maandishi madogo ya mgongoni. "Hii imepikwa Kanada, ndugu yangu." Na hii ya Kijerumani? "Missouri, hapa hapa Marekani." Wengine walicheka, wengine walinuna, mmoja alirudisha kreti nzima. Mwenye duka alishamwomba aache, lakini wapi. Ukweli ni ukweli, alisema Respicius, na aliufurahia kuliko inavyompasa Mkristo.

Basi huyu ndiye aliyeombwa awe mshenga wa Nehemiah.

Nehemiah alikuwa mpangaji wake wa chumba cha chini, kijana wa Kericho mwenye adabu, mhudumu katika nyumba ya wazee kule Rockville. Alikuwa amempenda Bridget, binti wa Mzee Mugo wa Gaithersburg, lakini ndugu zake mwenyewe wote wako Kenya. Nani wa kumsemea? Akapanda ngazi, akabisha hodi kwa mwenye nyumba. Hivyo Mhaya wa Bukoba akawa anakwenda kumposea Mkalenjin kwa Mkikuyu, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa simu Mzee Mugo alitoa sharti moja tu. "Mje na bia ya nyumbani. Ya hapa sitaki. Mkija bila hiyo, tutakula chapati, tutaagana vizuri."

Nehemiah alimweleza Respicius kwa nini sharti hilo si mchezo. Kwa kina Mzee Mugo, baba hamuulizi binti kama anamtaka mtu fulani. Anamwonyesha bia ya wageni na kumuuliza kama ainywe. Binti akionja na kumpa baba, posa imekubaliwa. Bia yenyewe ikikataliwa mlangoni, binti haulizwi kitu.

"Kwa hilo tu, kijana wangu, lala usingizi," alisema Respicius.

Bia aliijua. Korongo, ile inayonywewa Kenya hadi Bukoba, yenye ndege aliyesimama kwa mguu mmoja. Kila Jumamosi akitoka kazini alikunywa chupa moja, moja tu, na kumkumbuka kaka yake marehemu, aliyekuwa na baa pale Bukoba na kuuza Korongo baridi kuliko wote mjini. Kuna siku machozi yalimlenga, akamwambia mkewe ni vitunguu.

Alipokuwa akipakia makreti mawili garini, mkewe Edna alisimama mlangoni. "Baba Adela, umeisoma lakini?"

"Nisome Korongo? Hiyo nimekua nayo."

Walifika Gaithersburg saa tisa alasiri. Sebule ilijaa shangazi na wajomba, chapati zilikuwa zimefunikwa, Bridget yuko juu na wasichana wenzake anasubiri kuitwa. Respicius alitoa salamu za heshima, akasifu nyumba, akasifu chai, kisha akaweka chupa mbele ya mwenye nyumba. Mzee Mugo aliishika, akamtazama yule ndege kwa muda. Halafu akaigeuza.

"Hebu nisomee hapa, mshenga," alisema Mzee Mugo. "Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha."

Respicius alishusha miwani. Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za ufuta, na yalisema wazi kwamba bia hiyo imepikwa na kutiwa kwenye chupa Pennsylvania, kwa idhini ya wenye jina. Pennsylvania, mwendo wa saa mbili kwa gari. Alihisi uso unamchoma. Pembeni yake Nehemiah alikuwa ameketi wima na suti yake ya kuazima, mikono magotini, hana habari. Neno moja lilitosha. Angesema Nairobi, nani angesimama kuhakikisha? Chakula kingeliwa, binti angeitwa, na kijana angepata mke.

"Mzee," alisema, "imeandikwa Pennsylvania."

Shangazi mmoja alishusha kikombe. Nehemiah alimgeukia mshenga wake kama mtu aliyeachwa na basi.

"Kosa ni langu, si la huyu kijana," Respicius aliendelea. "Mimi nina miaka kumi na tisa nawageuzia watu chupa zao na kuwacheka. Hii yangu sijawahi kuigeuza. Nadhani nilikuwa naogopa. Kaka yangu alikuwa akiiuza, na nikiinywa ni kama tuko naye. Kwa hiyo sikutaka kujua."

Mzee Mugo alikuna lebo kwa ukucha.

"Mimi niliisoma mwaka juzi," alisema mwishowe. "Nilinuna wiki nzima. Halafu nikaenda kununua nyingine." Akaanza kucheka, cheko la tumboni, mabega yakitikisika. "Nilijua mtaleta hii, kwani ya kwetu hapa iko ipi ingine? Nilitaka kusikia anayemsemea mkwe wangu atasema nini akibanwa. Haya, mwiteni Bridget."

Respicius alitoa leso, akajipangusa jasho bila aibu.

Bridget alishuka ngazi. Alizaliwa Rockville, na tangu utotoni alisemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza, hata kanisani. Mzee Mugo alifungua chupa na kummiminia kidogo kwenye glasi.

"Mwanangu, wageni wameleta bia. Imepikwa Pennsylvania, wamekiri wenyewe. Niinywe?"

Bridget alimtazama Nehemiah, akaonja, akampa baba yake glasi kwa mikono miwili.

"Kunywa, Baba," alisema, kwa Kiswahili. "Ni ya nyumbani."