Sahani Mbili za Seli za Moyo

Pale maabara walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu. Alizaliwa peke yake, wazazi walishatangulia, na mumewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto. Kazi yake ilikuwa kulisha seli za moyo. Kila asubuhi alivaa glavu, akatoa visahani kwenye kabati la joto, akabadilisha maji ya lishe, kisha akainamia darubini.

Seli zikiwa changa, kila moja hudunda kivyake: hii mbio mbio, ile kwa kujivuta, nyingine utadhani imesahau. Zikishagusana hupokezana mdundo, mpaka sahani nzima inadunda pamoja. Hapo Shangazi alitabasamu, akageuka amwonyeshe mtu, akakutana na ukuta.

Mkuu wa maabara, mama mcheshi asiyekaukiwa utani, alitaka kujua kama tofauti za seli zinavuruga mwafaka huo. Wakaandaa sahani mbili. Moja ilikuwa ya seli zinazofanana, zilizochambuliwa kama mchele. Nyingine ilichanganya za mbio na goigoi. Zilizobaki ilibidi zimwagwe, na kazi hiyo ilimwangukia Shangazi. Kuzimwaga kulimtia uchungu, mwenyewe akajishangaa.

Siku ya jaribio wote walisogea. Mkuu akadondosha dawa ya kupunguza mapigo kwenye sahani zote mbili. Seli zinazofanana, zilizokuwa zikidunda kama gwaride, zikalegea pamoja na kuzima pamoja.

"Kifo cha wengi harusi," mkuu alisema, wakacheka.

Kwenye mchanganyiko mambo yalikuwa mengine. Baadhi zilinyamaza, nyingine zikaendelea kudunda, na hizo zikawavuta majirani polepole mpaka sahani ikadunda tena, taratibu. Mkuu alionya kwamba jaribio moja si ushahidi, watarudia. Hata hivyo furaha haikuzuilika, wakakubaliana wakale pamoja mgahawani baada ya kazi.

Shangazi alisikia mipango yote akiwa anaosha vyombo. Baada ya msiba wa mumewe walikuwa wakimwalika, naye akikataa, mpaka wakazoea kutomwalika. Mmoja akamuaga kwa upole, akasema wanamjua, yeye si mtu wa makelele. Mlango ukafungwa.

Njiani miguu ilimpitisha kwenye mgahawa wenyewe. Aliwaona kupitia kioo, wamebanana, wanazungumza wote kwa mpigo. Akashika kitasa. Kisha akakiachia, akaenda kwake, akala wali wa jana bila kuupasha moto.

Asubuhi mkuu akamuuliza, kwa utani wake, kama alikimbia bili.

"Hamkuniambia," Shangazi alijibu.

Mkuu aliacha utani. Akavuta kiti.

"Nilidhani hupendi, dada."

"Sikupenda mwaka ule. Hakuna aliyeniuliza tena."

Mchana wakala pamoja, wawili tu, kwenye benchi la nyuma ya jengo. Mazungumzo yalikwenda kwa kusuasua. Shangazi akamsimulia kidogo kuhusu mumewe, jinsi alivyokuwa akikoroma na kukana. Mkuu akacheka, naye akacheka. Kisha simu ikalia, mkuu akaitwa mkutanoni, akaondoka haraka akiacha mfuniko wa bakuli lake. Shangazi akauokota, akaufuta, akaendelea kukaa hapo juani.