Mwalimu Anayejaribu Vitabu kwa Sauti

Mama Waiyego, mwenye duka la vitabu hapa Eldoret, amemzoea mwalimu mmoja wa maigizo na utunzi: vidole vya chaki vikigonga rafu, miguu ikienda mlangoni na kurudi. Kusoma kimya hawezi. Humpa yeyote mhusika wa kuigiza, hata mkulima wa Moiben aliyefuata kalamu tu. Leo lazima achague tamthilia moja ya darasa, ya mwaka mzima, na bado hajaridhika.

“Mama, wewe ni mama mkwe. Nifukuze!” mwalimu akamwambia, akimpa tamthilia.

“Toka kwangu,” Mama Waiyego akasoma.

“Aa! Unafukuza ama unaomba?”

Mwalimu akamsukumia tamthilia nyingine. Mama akasoma mistari miwili, akaweka kitabu chini, akaendelea kumfokea kama mama mkwe, kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu alirudi kinyumenyume mpaka nje, akaita kutoka huko.

“Ndiyo hiyo, Mama. Nifungie nakala za darasa zima.”