Mpunga wa Watu

Waya Adero hajapumzika tangu aolewe Ahero. Simsifu kwa hilo, nalalamika. Ni dada ya baba yangu, ndiyo maana namwita Waya, na mashamba yake mawili ya mpunga yamemmaliza mgongo. Mpunga ukianza kukomaa, yuko shambani kabla ya jua akipiga debe kufukuza ndege. Mafuriko yakija, yuko mtaroni na jembe. Jumapili husinzia kanisani, na mchungaji amezoea.

Kwa hiyo bintiye Lornah, muuguzi huko Uingereza, alipompigia simu na kumwambia achague nchi yoyote wakutane huko wapumzike, nilifurahi kuliko yeye. Nilidhani atachagua Yerusalemu, kama wajane wenzake wa kanisani. Akachagua Guyana.

"Guyana ni wapi, Mama?"

"Muulize binamu yako, yeye ndiye aliyesoma."

Mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilimpa simu yangu aone video ya nchi hiyo ndogo ya Amerika Kusini, jirani ya Brazili, ambako watu wa pwani wanaishi chini kuliko bahari, nyuma ya ukuta mrefu, wakilima mpunga kwa mifereji kama watu wa Ahero. Aliitazama mpaka betri ikaisha.

Tukaanza kupanga. Kila Jumamosi nilitoka Kisumu na kompyuta yangu, tukaketi mbele ya nyumba yake. Nilimtafutia nyumba ya wageni iliyo karibu na mashamba. Yeye aliuliza mawili tu: kama kuna samaki, na kama barazani kuna kiti cha kuegemea.

Habari zikamfikia Dishon, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wanaogawana maji ya mfereji mmoja na Waya. Akaja, akapewa chai.

"Mama Lornah, nasikia unatuwakilisha ng'ambo."

"Nani amesema namwakilisha mtu?"

"Si ni nchi ya mpunga? Utatuangalizia milango yao ya maji. Urudi na ripoti, na mbegu kidogo mfukoni."

"Nishikwe uwanja wa ndege na mbegu mfukoni? Utakuja kunitoa?"

Tukacheka. Lakini Dishon alikuwa na neno jingine. Likizo ya Lornah kazini haikuweza kusogezwa, nayo ingeangukia wakati mpunga unakomaa na ndege wako wengi. Waya akienda kwa niaba ya kikundi, wanachama wangepokezana kulinda shamba lake.

"Lakini ukisema unaenda kukaa tu," akasema polepole, "nitawaambia nini watu? Waache mpunga wao walinde wa mtu anayestarehe?"

Hata mimi nilishawishika. Viongozi wetu huruka kila mwaka eti wanaenda kujifunza, wakarudi na masanduku mapya. Kwa nini asiende mkulima halisi, mwenye tope miguuni? Nikaanza kuandika maswali ya kuuliza huko: ukuta ule hutunzwaje, mvua ikizidi maji hutolewaje.

Waya alisubiri Dishon aondoke.

"Nyathina, mwanangu, hayo unayoandika ni ya nani?"

"Ni yako, Waya. Ni ya watu wote wa Ahero."

"Basi hiyo ni kazi, na kazi ninayo hapa." Akajimiminia chai iliyobaki. "Mimi nataka kutazama mpunga ambao si wangu. Ndege watue, wale, washibe, waende zao. Nisiinuke."

Nikafuta maswali yote. Nani aliamua kwamba tajiri akisafiri ni likizo, lakini mkulima akisafiri lazima arudi na ripoti? Hasira yangu, hata hivyo, haingefukuza ndege. Shamba lilibaki palepale.

Waya alilifikiria kwa siku kadhaa, kisha akamwita Naswa, kibarua aliyempandia mpunga kila msimu na ambaye hana shamba lake.

"Msimu huu lima wewe. Mavuno ni yako."

"Yote, Mama?"

"Yote. Na ndege pia ni wako."

"Na wewe utakula nini?"

"Nitanunua mchele dukani, kama watu wa Kisumu."

Dishon aliposikia, alirudi akiwa amenuna. Hakuna mtu mwenye akili, alisema, anayeacha msimu mzima kwa sababu ya kiti.

"Bwana Dishon, nikirudi ukiniuliza nilichoona, nitakueleza tukinywa chai," Waya akamjibu. "Ila usiniandikie cha kuona."

Siku ya kusia mbegu nilimkuta hayupo nyumbani. Miguu ilikuwa imempeleka shambani yenyewe. Alikuwa ameshakunja leso na kuingiza mguu mmoja kwenye tope wakati Naswa alipoinua kichwa.

"Mama, unatafuta nini kwa shamba la watu?"

"Nasaidia kidogo."

"Hapana. Toka, unanikanyagia kitalu."

Waya akatoka. Akasimama ukingoni, mikono ameifunga nyuma ya mgongo ili isimponyoke, na Naswa alipomwaga mbegu vibaya akauma mdomo asiseme kitu.