Mfano wa Darasani

Hospitalini walimwita Mama Plasta, maana kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyefunga mikono na miguu iliyovunjika. Kazi hiyo hakuisomea. Aliajiriwa kufagia, akawa anasimama karibu na fundi mzee, akaiba kazi kwa macho mpaka naye akawa fundi.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa ofisa wa mafunzo kazini. Mwaka jana alianza kuja nyumbani kila Jumapili na daftari.

"Shemeji, nifundishe. Natayarisha kozi ya watu kama wewe, nanyi mpate vyeti."

Mama Plasta akammwagia yote. Hata jambo ambalo mumewe hakulijua alimweleza: mwaka wake wa kwanza alimkaza mtoto plasta ya mguu, vidole vikaanza kuwa vyeusi. Mama wa mtoto asingemrudisha mapema, mguu ungekatwa.

"Tangu siku ile, mgonjwa haondoki kabla sijambonyeza ukucha nikaona damu inarudi. Lakini hilo liishie hapa, shemeji."

"Limeishia hapa."

Kozi ilipofika, Mama Plasta alikaa mstari wa mbele, gauni limenyooshwa pasi, kalamu mbili. Siku ya pili shemeji akaandika ubaoni: "Hatari ya kujifundisha kazi." Akasimulia habari za mfagiaji aliyejitia fundi, nusura mtoto akatwe mguu. Jina hakulitaja, wala haikuhitajika. Hospitali nzima mfagiaji aliyegeuka fundi alikuwa mmoja.

Watu wakainamia madaftari. Mmoja akacheka chinichini.

Mama Plasta akasimama. "Ni mimi. Na ile ya kubonyeza ukucha, mliyoandikishwa jana, ni mimi niliyemfundisha huyu."

"Shemeji, ni mfano tu."

"Mfano una mwenyewe."

Kozi aliimaliza, cheti akapata. Lakini sasa kila plasta anayofunga hutumwa muuguzi kuikagua, na wagonjwa humuuliza kama kweli amesomea. Mumewe alimsihi asamehe, damu nzito kuliko maji.

"Hiyo damu ni yako," akamjibu. "Mimi nilimpa siri yangu."

Juzijuzi shemeji alikuja. Mama Plasta akampa kiti na chai, akamuuliza hali ya watoto. Lakini shemeji alipoanza, "Kuna kozi nyingine, shemeji, nilitaka nikuulize kidogo kuhusu bega," Mama Plasta akainuka, akaenda uani kuanua nguo ambazo hazijakauka. Hakurudi ndani mpaka aliposikia mlango umefungwa.