Rula ya Usoke

Kwanza ulikuja mlio: krrr, krrr, kisha tak, kama meno ya chuma yanayosaga kitu ambacho hakipo. Nilikuwa nimelaza juu ya kioo cha skana kitabu cha ubatizo cha parokia moja ya Ulyankulu, kitabu kisicho na nakala, na taa inayotembea chini ya kioo ilikuwa imefika mwisho ikakataa kuamini kwamba imefika. Nikachomoa waya. Mtu mwenye shahada moja na nusu hufanya uamuzi haraka.

Skana hiyo niliinunua Usoke, kwa mzee mwenye kibanda cha fotokopi karibu na reli. Alikuwa nazo mbili zinazofanana. Siku ileile alinionya: "Taa ikivuka milimita mia mbili tisini na moja inapiga ukuta, mwanangu. Nimepima."

"Umepima kwa kifaa gani, mzee?"

"Rula."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyeshuka juzi kutoka chuo kikuu, kwamba rula ya shule si kifaa cha utafiti. Alinisikiliza hadi mwisho. "Haya, bibi msomi," akasema, akanifungia mashine kwa kamba ya kufungia tumbaku.

Baada ya mlio ule nilifungua programu inayoiendesha skana. Ni programu huria: yeyote aweza kuirekebisha, mradi wahakiki wake, waliotawanyika duniani, waridhike. Nikaiamuru taa isimame kwenye 291. Mlio ukakoma. Nikatuma marekebisho, pamoja na maelezo kwamba namba hiyo "imethibitishwa kwa majaribio". Majaribio ya nani, sikusema. Msimamizi wangu alikuwa ameshaamua kwamba sura ya tatu ya tasnifu, inayohusu programu hiyo, haipiti mpaka marekebisho yapokelewe, na katika sura ya tatu sikuwa nimetenga nafasi ya rula.

Jibu la mhakiki lilikuwa fupi kuliko salamu: "291 imetoka wapi? Umejaribu kwenye mashine ya pili?"

Siku tatu nilizichambua sentensi hizo. Ile "wapi" ilikuwa ya udadisi au ya dharau? Nikamwandikia aya sita, zenye tanbihi, kuhusu jinsi plastiki inavyotanuka katika joto la Tabora; aya nzuri sana, ambazo hazikujibu lolote. Akarudi: "Asante. Nani alipima, na kwa kifaa gani?"

Swali langu mwenyewe kwa mzee, isipokuwa yeye aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Namba ya simu ya mzee ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito juu ya boksi la skana. Niliandaa rasimu tatu za mazungumzo, nikaziweka kando, nikapiga.

"Shikamoo, mzee. Ni yule wa skana."

"Marahaba. Imepiga ukuta?"

"Ilipiga. Nikaweka namba yako, ikatulia. Halafu nikawafanya watu waamini kwamba nimepima mimi."

Nyuma yake mashine ya fotokopi iliendelea na kazi.

"Sasa wanataka nini hao watu?"

"Wanataka kujua aliyepima. Nitawaandikia jina lako, ukiridhia. Na ile mashine yako ya pili, naomba uipime pia."

"Kwa kifaa gani, bibi msomi?"

Nikamwambia.

"Ngoja basi," akasema, na nikasikia droo ikivutwa.